Siku Mbili Nilizoificha Chupa

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu wa Vitambulisho hakuniuliza nimesoma wapi. Alinishika mkono wa kuume, akaugeuza kiganja juu kama mtu anayekagua samaki sokoni, akasema, "Iko mikavu. Muzuri. Mwenye mikono ya jasho hawezi hii kazi." Kisha akanipaka wino kila kidole, akaviviringisha vyote kumi kwenye karatasi ngumu, na hiyo ndiyo fishi ya kwanza niliyoiona maishani: yangu mwenyewe. Aliniamuru nisinawe mpaka jioni. Baba aliponiona narudi nyumbani na vidole vyeusi alidhani nilikuwa nimefungwa.

Naitwa Ngalula. Wazazi walinibatiza Agnès, lakini wakati ninaanza kazi nchi ilikuwa imekwisha kuitwa Zaire, na haikupita siku nyingi majina ya ubatizo yakakatazwa, kila mtu akaambiwa arudie jina la mababu na aitwe sitwayen, yaani mwananchi. Baba alitoka Kasai kuja Kindu kwa kazi ya reli. Mimi nilizaliwa hapa, nikakua na Kiswahili cha hapa, na hapa ndipo nilipofanya kazi yangu karibu yote. Wajukuu wananiambia siku hizi mashine inasoma kidole kwa muda wa kupepesa jicho. Haya, hongereni. Acheni niwaambie sisi tulivyokuwa tukisoma.

Kwanza unanawisha mikono ya mtu kwa petroli na kitambaa, kwa sababu Kindu haina mtu mwenye mikono safi: huyu katoka shambani, yule katoka kwenye gari moshi, huyu kakamua mawese. Halafu unautandaza wino kwenye kipande cha kioo kwa rulo, kigogo kidogo cha mpira, mpaka uwe mwembamba sana. Ukizidisha wino, mistari yote inaungana na umeharibu karatasi ya serikali. Kidole unakiviringisha mara moja tu, kutoka ukingo huu wa ukucha mpaka ukingo ule, na ni wewe unayekiviringisha, si mwenyewe. Mtu akitaka kukusaidia unamwambia alegeze mkono aangalie ukutani. Ukutani tulikuwa na picha ya Mukubwa wa Nchi, basi wote waliangalia hapo.

Vidole vya binadamu vina maumbo matatu. Kuna kitanzi, yaani mistari inaingia upande mmoja, inazunguka, inatokea upande uleule. Kuna kizingo, kinachojizungusha kama maji ya Lualaba penye mwamba. Na kuna upinde, ambao wenye nao ni wachache. Lakini umbo si kitu, nusu ya Kindu wana vitanzi. Kinachomtambulisha mtu ni nukta: pale mstari mmoja unapogawanyika mara mbili, pale unapokatika, pale penye kimstari kifupi peke yake katikati ya wenzake. Ukipata nukta kumi na mbili zinazolingana, mahali palepale, bila hata moja inayopingana, hapo ndipo unapoweza kuweka sahihi yako. Kumi na moja, unanyamaza.

Na kulikuwa na sheria moja ambayo Shefu aliipenda kuliko zote. Kabla ya kulinganisha, unafunika jina kwa kipande cha karatasi. "Usisome muntu," alikuwa akisema. "Soma kidole. Ukijua jina, macho yako itakudanganya."

Kabati zetu zilikuwa na kasoro moja kubwa, nayo lazima niiseme. Fishi zilipangwa kwa majina. Hilo lilifaa wakati wa zamani, mtu alipokuwa na jina moja tangu ubatizo mpaka kaburi. Majina yalipobadilishwa, watu waliandikiwa fishi mpya kwa majina mapya, na zile za zamani zikabaki kwenye droo zao bila mtu wa kuziunganisha. Nilimwambia Shefu siku moja kwamba tunahifadhi nusu ya mji mara mbili. Alinijibu kwamba amri ya kuunganisha haijatoka juu, na mfanyakazi wa serikali haanzishi jambo.

Walinituma Kailo miezi sita na sanduku la bati lenye wino na karatasi, niandike watu wa vijijini. Niliporudi Kindu nilikuwa na mkono mwepesi kuliko Shefu mwenyewe, naye alikiri hivyo mbele ya Komisere wa polisi, jambo lililonifanya nisilale kwa furaha. Baada ya hapo walituweka chini ya Parke, ofisi ya Prokirere mwendesha mashtaka, tukawa tunashughulika na wezi na wapiganaji pamoja na wale wa karata, yaani vitambulisho.

Mwaka huohuo aliingia Amisi. Alikuwa fundi na mwendeshaji wa baki, kile chombo kikubwa cha chuma kinachovusha watu na magari kati ya ng'ambo yetu na Alunguli. Alikuwa mrefu, mpole, na kidole gumba chake cha kuume kilikuwa na kovu la mnyororo.

"Mikono yangu haitakubali wino yako, dada," alisema. "Iko na mafuta ya mashini tangu nizaliwe."

"Petroli itaikubalisha," nilimjibu.

Nilimnawisha, nikaviringisha vidole kimoja kimoja. Hakuangalia ukutani hata kidogo. Nilipofika kidole cha kumi akasema kwa sauti ya chini, "Basi vidole vyangu vyote umevishika. Sasa mi nitamuambia nini baba yako?"

"Anza kunawa kwanza," nikamwambia, na moyo wangu unadunda kama mashini ya kukoboa mpunga.

Alirudi mwezi uliofuata akisema kwamba karata imepotea. Akarudi tena akisema imeanguka mtoni. Mara ya tatu Shefu aliweka kalamu chini akaniambia, "Huyu sitwayen anapoteza karata mara tatu mwaka mumoja. Ao yeye ni mujinga, ao kuna kitu kingine kwa hii ofisi." Nilimpenda Amisi, nasema bila kuzungusha. Nyumbani ilikuwa vita. Baba, Mkristo wa Kasai wa kufunga tai kila Jumapili, aliniuliza kama wanaume wa reli wamekwisha wote mpaka nimfuate Mwislamu wa mtoni. Miaka miwili ilipita hivyo. Mwishoni Baba alikuwa hajasema ndiyo, lakini alikuwa ameacha kusema hapana.

Hapo ndipo wanawake walipoanza kufa.

Wakulima wengi wa ng'ambo ya Alunguli walikuwa wanawake wa mpunga. Waliuvusha kwa gunia, wakaupeleka kwenye mashini ya kukoboa iliyokuwa mtaa wa Mikelenge, upande wetu, na foleni ikiwa ndefu walipanga vyumba vya udongo nyuma ya mashini, wakalala hapo. Wa kwanza alikutwa asubuhi chumbani kwake, amenyongwa kwa kikwembe chake mwenyewe, kisha kikwembe kilekile kimekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya uso wake. Watu walisema ni mume. Mume alikamatwa. Mwezi uliofuata, mume akiwa bado kifungoni, akafa wa pili, kwa mtindo uleule, na kikwembe kimekunjwa vilevile. Hapo ndipo Kindu ilipoelewa. Wanawake walianza kutembea kwa makundi, na hata katika salongo ya Jumamosi, ile kazi ya lazima ya kufagia mji, hakuna aliyetaka kufagia peke yake.

Wa tatu alikutwa siku ya Jumatatu. Safari hii kulikuwa na kitu: chupa yake ya mawese, ambayo kila jirani aliapa kwamba ilikaa sakafuni karibu na mkeka, ilikuwa imehamishiwa dirishani. Aliyemuua alikuwa ameisogeza ili apate nafasi. Komisere aliileta ofisini mwenyewe, ameishika kwa shingo na leso.

Shefu hakuwepo, alikuwa ameitwa Kisangani kwenye mafunzo. Nilikuwa peke yangu na kopo la unga. Unga huo ni laini, wa rangi ya kijivu; unaupeperusha kwa brashi ya manyoya, unashika pale penye mafuta ya kidole tu, na alama inajitokeza. Nilichukua kwanza vidole vya marehemu mwenyewe, maana lazima umwondoe mwenye mali kabla ya kumtafuta mgeni. Halafu nikapeperusha unga. Ilijitokeza alama moja nzuri, kidole cha shahada cha mkono wa kuume, kitanzi. Haikuwa ya marehemu.

Saa nne asubuhi askari wakamleta Amisi.

Walikuwa na sababu zao. Wanawake wote watatu walivuka kwa baki yake, na katika chumba cha mashini ya baki walikuta furushi la yule wa tatu. Kila mtu wa Kindu anajua kwamba wafanyabiashara walimwachia Amisi mizigo yao awatunzie, wakaichukua wakati wa kurudi. Ilikuwa desturi. Lakini mji ukiogopa, desturi inageuka ushahidi.

Komisere alikuja kusimama mbele ya meza yangu. Alikuwa mtu mnene, mwenye haki kwa kiasi chake. Hakujua habari zangu na Amisi, au alijua akafanya kama hajui.

"Sitwayeni," akasema, "hii chupa njo itasema. Kidole ikiwa yake, kesho anaenda kwa Prokirere, na weye unajua watu wako na hasira namna gani. Kidole ikiwa si yake, namuachia leo."

Alisema leo. Nililisikia neno hilo vizuri.

Alipotoka nikaitoa fishi ya Amisi kwenye droo. Nikafunika jina kama nilivyofundishwa. Ilikuwa kazi bure, kwa sababu kovu la mnyororo lilikuwa hapo kwenye kidole gumba, likinitazama. Nikaweka lenzi juu ya kidole cha shahada. Kitanzi, kinachoelekea upande uleule wa chupa. Nukta ya kwanza, mgawanyiko: ililingana. Ya pili, mstari unaokatika: ililingana. Ya tatu, mgawanyiko mwingine. Ya nne, kimstari kifupi. Zote zililingana.

Nukta nne si kitu. Mwanafunzi wa wiki ya pili anajua kwamba watu wawili wasiojuana wanaweza kuwa na nne. Nami nilijua. Lakini mikono yangu, ile mikavu, ilikuwa imelowa jasho, na nikainua lenzi. Sikuhesabu ya tano. Nilimpenda yule mtu na palepale nikamwogopa, vyote kwa pamoja. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa mpole, nikasema ndani yangu: na muuaji naye aliingiaje vyumbani bila mtu kupiga kelele, kama si mpole? Ndivyo nilivyowaza. Sijifichi.

Niliifunga chupa kwenye droo ya meza yangu, nikatia ufunguo shingoni. Komisere alipouliza, nilimwambia unga umeshika unyevu wa mvua, lazima niuanike juani siku mbili, la sivyo utaharibu alama. Aliniamini, kwa sababu hakuna aliyejua kazi ile isipokuwa mimi na Shefu.

Jumanne nilimpelekea Amisi chakula kwenye kasho, chumba cha mahabusu: wali na sombe ya majani ya muhogo. Midomo yake ilikuwa imevimba. Alikula polepole, akaniuliza, "Umeangalia?"

"Bado."

"Angalia, basi. Miye sina wasiwasi na kidole yangu." Akatafuna kidogo. "Na baki?"

"Wameifunga na mnyororo. Hakuna mwingine wa kuiendesha."

"Na watu watavusha mizigo na nini?" akauliza, na hilo ndilo lililomsumbua, si midomo yake.

Ningeweza kurudi ofisini palepale. Nilikuwa na mchana mzima. Badala yake nilienda kanisani, nikakaa kwenye benchi la nyuma, nikamwomba Mungu anipe siku nyingine moja ya kutojua.

Jumatano asubuhi walimkuta Zaina. Alikuwa msichana wa Alunguli, binti pekee wa Mama Mwamini, aliyekuwa mjane. Alikuja Jumatatu alfajiri, kabla Amisi hajakamatwa, na magunia mawili ya mpunga, akamaliza kukoboa Jumanne mchana, akateremka mtoni arudi kwao. Baki ilikuwa imefungwa. Mtumbwi ulikataa mizigo yake, kwa sababu mto ulikuwa umejaa. Akarudi Mikelenge na mchele wake, akapanga chumba nyuma ya mashini.

Komisere alimtoa Amisi kabla ya saa sita mchana, maana mtu aliye kasho hawezi kuua Mikelenge. Wanawake wa sokoni walikuja kunipongeza. Mmoja alinikumbatia akasema Mungu amenirudishia mchumba wangu. Niliingia ofisini, nikafunga mlango, nikatoa chupa.

Nukta ya tano haikulingana. Kwenye chupa mstari uligawanyika, kwa Amisi uliendelea moja kwa moja. Ya sita haikulingana, wala ya saba. Ilinichukua muda wa kumenya ndizi moja.

Yaliyofuata yameandikwa kwenye dosie ya kesi, na watu walinisifu kwayo, basi nitayasema kwa ufupi. Nilianza droo ya kwanza ya wafungwa wa zamani, nikapitisha lenzi kwenye kila kidole cha shahada cha kuume, bila kuangalia jina la mtu. Nilifanya hivyo Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Macho yalivimba. Komisere alikataza mwanamke yeyote kulala peke yake nyuma ya mashini, akaweka askari hapo. Ijumaa jioni nilipata. Nukta kumi na mbili, kisha kumi na nne. Nikaondoa karatasi juu ya jina: Ferdinand, mzaliwa wa Obokote, aliyefungwa miaka ya nyuma kwa kumkaba mwanamke. Kindu nzima haikuwa na Ferdinand tena. Jina hilo lilikufa na majina mengine yote ya ubatizo, na mwenye nalo alikuwa anatembea mjini na jina la babu yake.

Komisere alitafuta njia. Walitangaza kwamba wanaume wote wa mashini, wa bandari na wa stesheni waje kuandikwa upya kwa karata ya Chama. Kwa karata ya Chama hakuna aliyethubutu kukosa. Tuliweka meza uwanjani Jumatatu asubuhi, jua la kawaida, watu wanapiga soga. Mimi niliviringisha. Inspekta mmoja alikaa nyuma yangu amevaa kama mwandishi. Tulikubaliana: nikiomba sabuni, ndiye.

Alikuja karibu saa tano. Alikuwa msaidizi wa mashini ya mpunga, yule aliyewapokea wanawake magunia na kuwaonyesha vyumba vilivyo wazi. Nilimjua kwa uso. Alikuwa amenisalimia mara nyingi. Alikuwa ametapakaa pumba za mpunga hata kwenye nyusi. Alisema anaitwa Lutumba.

Nilikuwa nimekitazama kile kidole siku tatu mfululizo. Nilipokigeuza juu kukinawisha, kabla ya wino, nilikiona kitanzi na nikajua. Mkono wake ulikuwa wa moto, umelegea, haukutetemeka. Nilipaswa kumaliza vidole vyote kumi, ili Prokirere asiseme tulimkamata bila alama. Nikaviringisha kimoja kimoja mikono iliyomnyonga Zaina, naye akaniangalia kwa upole.

"Mama, mikono yako iko baridi," akasema. "Unagonjwa?"

"Ni petroli."

"Upumuzike. Kazi haiishi."

Nilibonyeza kidole cha mwisho, nikainua karatasi, nikaiweka kando. Nikasema, "Mutuletee sabuni, huyu baba anawe." Akanyoosha mikono apokee sabuni, na Inspekta akaishika yote miwili.

Alikiri siku hiyohiyo. Hakutoa sababu ambayo naweza kuwasimulia. Alihukumiwa, akapelekwa jela ya mbali, hatukumwona tena. Siku ya hukumu Mama Mwamini alinifuata uwanjani, akashika mikono yangu, akaiweka kwenye kipaji cha uso wake. "Hii mikono," akasema, "Mungu aibariki." Sikuiondoa.

Shefu alikuwa amerudi kutoka Kisangani kabla ya hapo. Alisoma dosie yote, kisha akachukua kopo la unga, akalifungua, akachovya kidole, akakipuliza. Unga uliruka kama vumbi.

"Hili kopo halijashika unyevu tangu nililete," akasema.

Alilifunga, akalirudisha mahali pake. Nilimuuliza kama niandike barua ya kuacha kazi.

"Ukiacha, nani atashika vidole? Miye naenda pensheni. Utabaki. Utafanya kazi vizuri sana, kila siku, na hutamudanganya Komisere tena." Alichukua kofia yake. "Namna hiyo njo utalipa."

Nilibaki. Nilichukua kiti chake, nikapelekwa Kasongo miaka mitatu kufundisha, nikarudi Kindu, nikaziunganisha zile fishi bila kungoja amri ya juu. Nilizipanga kwa vidole, si kwa majina, na vijana niliowafundisha walisema mama huyu mkali. Walikuwa hawadanganyi. Aliyechelewesha kulinganisha hata saa moja, nilimfokea mpaka stesheni ikasikia.

Kwa Amisi nilisema kweli kabla ya ndoa. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa baki anapaka grisi mnyororo. Nilimwambia yote, nukta nne, droo, kanisa. Alipaka grisi mpaka mwisho wa mnyororo.

"Siku mbili uliniwaza hivyo?"

"Ndiyo."

"Na ukaniletea wali."

"Ndiyo."

"Hiyo yangu nitaimeza," akasema. "Lakini ile ya Mama Mwamini miye siwezi kukumezea. Enda umuambie."

Nilimwahidi. Tukaoana, Baba akavaa tai yake akaja. Nilipata naye watoto watano na nyumba yenye amani, na sijaona mwanamume mwema kuliko yule. Kila mwaka, mvua zikianza, aliniuliza, "Umeenda?" Nami nilikuwa na sababu: mtoto mchanga, cheo kipya, kesi itafunguliwa tena, nitafukuzwa, watoto watakula nini. Baada ya miaka mingi akaacha kuuliza. Alikufa kwa ugonjwa wa ini, mwaka mmoja kabla sijaenda pensheni.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, Prokirere mpya alinisomea hotuba. Alisema nilimkamata muuaji wa Mikelenge kwa mikono yangu. Walipiga makofi, wakanipa redio. Vijana, nawaambia ninyi mnaoanza kazi: mkisifiwa kwa jambo, mtafute kwanza lile lililo chini yake. Mimi nilibeba redio nyumbani, nikaiweka mezani, na kesho yake nikavuka kwenda Alunguli.

Mama Mwamini alikuwa uani, anapeta mchele kwenye ungo. Alikuwa amezeeka, lakini alinitambua mara moja, akaniletea kiti na maji. Niliyanywa maji. Kisha nikamwambia, kuanzia Jumatatu mpaka Jumatano, bila kuruka kitu. Mikono yake iliacha kupeta.

"Kwa hiyo ungeangalia siku ile," akasema, "bwana yako angetoka siku ile."

"Ndiyo, mama."

"Na baki ingevuka Jumanne."

"Ingevuka."

Aliokota chuya moja kwenye mchele, akaitupa. "Zaina alinitumia neno kwa mwenye mutumbwi," akasema. "'Mama, baki imefungwa, nitalala Mikelenge, usinipikie.' Basi sikupika. Nilikula muhogo wa asubuhi, nikalala mapema. Nilifurahi kupumuzika."

Nilitaka kusema kitu, akainua mkono.

"Miye nilimuchukia yule wa baki. Nilisema, kama hangekuwa muntu wa kushikwa na polisi, mutoto wangu angevuka. Miaka yote nilivuka naye nikamugeuzia mugongo. Alinisalimia kila mara. 'Jambo, Mama Mwamini.' Kila mara. Sikumuitikia hata siku moja, mpaka wakamuzika."

Amisi hakuwahi kuniambia hilo. Alikuja nyumbani kila jioni, akala, akacheza na watoto, na hakuniambia.

Nilingoja anitukane, hata anipige. Aliweka ungo chini taratibu, asimwage mchele, akainuka, akaingia ndani na kufunga mlango. Nilikaa pale kwenye kiti chake mpaka baki ya mwisho ilipopiga honi. Mlango haukufunguliwa.